Kengele ya Alhamisi

Jumanne, Machi 3

Daftari hili nimepewa na mwanamke nisiyempenda, na hilo ndilo neno la kwanza ninaloliandika ndani yake.

Alileta mawili. Moja la mume wangu, aandike alichofanya kila siku ili kichwa kizoee kushika mambo. Moja langu, "ili na wewe upumue, Mama Kibonge." Nilimjibu kwamba mimi napumua vizuri tu, nikaliweka chini ya mto. Leo nimelitoa. Mtoto amelala, mvua imeanza rasmi, nepi zimejaa kwenye kamba ya sebuleni, na nina maneno ambayo nikiyatoa mdomoni nitaonekana sina shukrani.

Mume wangu ni mwokaji mikate. Wakati wa lile joto kabla ya mvua alianguka mbele ya tanuri. Haikuwa presha wala kizunguzungu. Moyo ulisimama. Mwenzake wa kukanda unga, tunayemwita Mnene, alimkandamiza kifua bila kupumzika mpaka likaja gari la wagonjwa na mashine ya kuushtua moyo. Mbavu zilivunjika, uhai ukabaki. Alilala hospitalini hajitambui, na siku alipofumbua macho alinitazama vizuri, kwa adabu, akaniuliza, "Dada, mke wangu ameshafika?"

Yalipita hayo. Ananijua sasa. Ila ubongo ulikosa hewa kwa muda, na mambo mapya hayamkai. Anauliza jambo, unamjibu, anauliza tena. Kule kwenye tanuri wameshampachika jina: Marudio. Yeye mwenyewe analicheka.

Watu wa utafiti walinifuata hospitalini. Wanataka kujua nini kinamsaidia mtu ambaye moyo wake uliwahi kusimama kurudi kwenye maisha yake: kukumbuka, kufanya kazi, kulea. Kundi moja linapewa karatasi za maelezo na kliniki ya kawaida. La pili linapewa hayo hayo, pamoja na muuguzi wa kuja nyumbani kila wiki. Kompyuta ndiyo inayochagua, kama kura. Sisi tukaangukia kwenye muuguzi. Niliulizwa, nikakubali. Kwa hiyo nimemkaribisha mwenyewe.

Huja Alhamisi. Ana saa ndogo ya jikoni, ya duara, inayolia kama kuku aliyekanyagwa. Humu ndani namwita Kengele. Mbele yake namwita dada.

Alhamisi, Machi 5

Asubuhi mume wangu ameniuliza mara tatu kama mtoto amekula. Mara tatu nimejibu amekula. Halafu akaenda kunyoa ndevu.

"Unanyoa kwa ajili ya nani?"

"Leo si Alhamisi?"

Siku yangu ya kuzaliwa haijui. Mahali sukari ilipo hapajui. Alhamisi anaijua.

Kengele amekuja na mwavuli wake mweusi, ameuegesha mlangoni kama mwenye nyumba, amekaa kwenye kiti changu. Kile chenye mto, ninachonyonyeshea. Amesema kwa sauti yake ile laini, "Mama Kibonge, tunaomba utuachie nafasi kidogo, ili asikutegemee wewe kumjibia." Nimefukuzwa sebuleni kwangu kwa heshima zote. Nimekaa upenuni na mtoto mapajani, maji yakitudondokea miguuni, na kutoka ndani nikamsikia mume wangu akicheka.

Sikuwa nimeusikia ule mcheko tangu tanuri.

Ijumaa, Machi 6

Mvua. Nepi hazikauki.

Jumatatu, Machi 9

Herufi zinaenda upande leo.

Nilimwekea mtoto maji ya uvuguvugu kwenye karai, kidogo tu, yanamfika kiunoni akikaa. Mume wangu akasema, "Niachie mimi, nimwogeshe binti yangu." Alisema vizuri, kama zamani, na mimi nilikuwa nimechoka, nikaona raha kusikia hivyo. Nikatoka kuanua nguo kabla wingu halijapasuka. Sikukaa. Nilianua, nikakunja shuka moja.

Niliporudi sebuleni nilimwona mume wangu getini, anaongea na mpita njia habari za bei ya unga.

Sikumwita. Nilikimbia. Kibonge alikuwa kwenye karai peke yake, ameshika ukingo kwa mkono mmoja, kwa mwingine anapiga maji na kuyachekelea. Miezi tisa. Angeteleza tu. Nilimnyanyua kwa nguvu mpaka akalia, na alipolia ndipo baba yake akaingia mbio, anauliza, "Vipi, kaanguka?"

"Ulimwacha majini!"

"Nani?"

"Unauliza nani?"

Nikaona uso wake ukijitafuta. Alikuwa amekwenda kuchukua sabuni. Sabuni iko dirishani. Kutoka dirishani getini panaonekana, mtu akapunga mkono, na mtoto akafutika kichwani, kama chaki. Aliponielewa alikaa chini sakafuni palepale penye maji. Hakujitetea. Ningependa ajitetee.

Nimeweka sheria na nimeisema kwa sauti: hatabaki na mtoto peke yake, hata nikienda chooni. Akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda akaniuliza kama mtoto ameshaoga.

Tatizo ni hili. Cherehani yangu pale karakana ya sare za shule nimeshikiwa mpaka mvua ziishe. Bosi hana ubaya, lakini wasichana wanaoitaka wako mlangoni. Mume wangu hawezi kurudi kwenye moto, kwa hiyo lazima mimi nirudi kazini, na lazima mtu abaki na mtoto. Wifi yangu, dada yake mkubwa, ameshajitolea. "Nitamchukua nikae naye kwangu, mpaka kaka apone." Kwake ni safari ya nusu siku. Mpaka apone, maana yake lini? Mtoto atakuja kuniita shangazi.

Alhamisi, Machi 12

Nimemweleza Kengele habari ya karai. Hakushtuka, jambo lililoniudhi. Ameomba kuongea naye faragha. Nimerudi upenuni kwangu.

Alipoondoka nilimkuta mume wangu macho mekundu.

"Mmeongea nini?"

"Tumeongea."

"Kuhusu?"

Akafikiri. "Nimeambiwa nisiseme."

"Usimwambie nani?"

"Nimeambiwa nisiseme," akarudia, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau.

Sawa.

Jumapili, Machi 15

Mvua. Bomba la nje limeachwa wazi tangu asubuhi. Sikuuliza nani.

Alhamisi, Machi 19

Shali ya mtoto, ile ya njano, ilipotea. Nimeitafuta hadi chini ya kitanda. Jioni nimeikuta imekunjwa vizuri juu ya meza, na inanukia mafuta ya mkono ya mwanamke. Yale ya maua. Mimi napaka yanayouzwa kwenye kopo kubwa, hayanuki chochote.

Nimeifua. Haitakauka mpaka wiki ijayo, na iwe hivyo.

Alhamisi, Machi 26

Siku hizi hawakai nyumbani. Wanakwenda zahanati ya mtaa, kwenye chumba cha mazoezi. "Nyumbani kila kitu amekizoea," Kengele ameniambia, "tunahitaji pahali pa kumchanganya kidogo." Nikasema moyoni, pa kumchanganya, dada, umeshapapata.

Wifi yuko hapa tangu jana. Tulikuwa dirishani tukichambua maharage walipotoka, mwavuli mmoja, watu wawili. Kengele ni mfupi, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyeushika, ameinama kidogo ili mvua isimfikie.

"Wifi," akasema wifi yangu, bila kuinua macho kwenye maharage, "mwenzio kapata mwavuli mpya."

"Ni muuguzi."

"Nani kasema si muuguzi? Nasema mwavuli."

"Anamfundisha kukumbuka."

"Basi namwona anakumbuka vizuri. Kamwinamia kabisa." Akamchukua Kibonge, akamrusha juu. "Njoo kwa shangazi, mama. Huku wana mambo yao." Na mtoto wangu, msaliti, akacheka mpaka akapata kwikwi.

Nimejikuta nawaonea wivu watu wawili kwa mpigo mmoja, na maharage yameungua.

Alhamisi, Aprili 2

Nimesikia. Safari hii sikutega sikio, nilikuwa jikoni, na wao walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri mvua ipungue.

Kengele: "Siku akija, utasema nini?"

Mume wangu: "Sisemi."

"Usimwambie kwamba tulikuwa tunakutana. Hunijui."

"Sikujui kabisa."

"Umeniona wapi?"

"Sijawahi kukuona, bibie. Wewe nani?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko. Nimeuweka chini taratibu, maana nilijiogopa.

Ijumaa, Aprili 3

Tumegombana. Wifi ameondoka leo asubuhi, namshukuru Mungu hakuyasikia haya.

"Ni nani huyo atakayekuja, usimwambie kwamba mnakutana?"

"Ulisikia?"

"Jibu."

"Nimeahidi, Mama Kibonge."

"Umeahidi! Wewe hukumbuki kufunga bomba, hukumbuki kama umekula, jana umenipa mkono wa heri kama mgeni. Ahadi yake unaikumbuka?"

Akakunja uso, akajaribu kwa bidii, nikaiona bidii yenyewe. "Ya kwake tunarudiarudia," akasema. "Yako unaisema mara moja tu, kwa hasira."

Sijui kwa nini hilo limeniuma kuliko mengine. Nimelala chumba cha mtoto. Chumba cha mtoto ndicho hichohicho, nimegeukia ukuta tu.

Jumanne, Aprili 7

Mvua. Hatuongei, ila kuhusu chumvi.

Alhamisi, Aprili 9

Leo hapakuwa na Kengele, palikuwa na kliniki ya moyo. Koridoni nimekaa na mama mmoja, umri wangu, mumewe naye moyo ulisimama, akiwa uwanjani anacheza mpira. Mumewe alikuwa ameketi anautazama ukuta kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Ninyi mko kundi gani?" akaniuliza.

"La kutembelewa."

Akavuta pumzi. "Bahati yenu. Sisi tulipewa karatasi. Nimezisoma zote, nimemsomea na yeye. Anaitikia, 'Sawa.' Basi. Kutwa nzima, 'Sawa.'" Akamtazama mume wangu, ambaye alikuwa anamchezesha Kibonge kwenye magoti, nikiwa hapo hapo nimeshika nguo ya mtoto kwa usalama. "Wako anacheka," akasema.

"Anachekeshwa."

"Ningempata hata wa kumchekesha wangu."

Nilikaribia kumwambia, mchukue, njoo Alhamisi na mwavuli. Lakini jinsi alivyonitazama niliijua. Ndivyo ninavyomtazama Kengele. Sikupenda kutazamwa hivyo, nikahamisha mkoba wangu upande wa pili.

Jumatatu, Aprili 13

Bosi ametuma salamu. Mwisho wa mwezi ujao, akasema, mvua iwe imeisha au haijaisha. Wifi naye ametuma salamu. Ameshanunua kitanda kidogo.

Jumatano, Aprili 15

Nimeamua. Siku ya kwanza kabisa walituambia mtu anaweza kujitoa utafitini wakati wowote, bila kutoa sababu. Mimi sababu ninayo, inanukia maua. Kesho nitawafuata hadi zahanati, niwakute walivyo, niseme hapohapo: yametosha.

Alhamisi, Aprili 16

Niandike polepole nisiruke kitu.

Nimewaacha watangulie. Nimemfunga Kibonge mgongoni, nikavaa koti la mvua juu yetu wote wawili, tukawa kama mtu mmoja mwenye kibyongo. Barabarani maji yamejaa. Nimefika nimelowa hadi magoti, na hasira yangu bado kavu.

Chumba cha mazoezi kiko mwisho wa jengo, dirisha linatazama ukuta wa nyuma. Nikapita nyuma.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya meza yenye karai la maji. Mkononi alikuwa amebeba kitu kimefungwa shali ya njano ya mtoto wangu. Moyo wangu mimi nao ukasimama. Nikafikiri, wana mtoto. Ndiyo, nilifikiri hivyo, na wangu nikiwa naye mgongoni.

Ilikuwa mfuko wa unga. Mfuko wa unga wa ngano, wa kile kiwanda wanakoagiza pale kwenye tanuri, umevalishwa kofia ya soksi.

Kengele alikuwa pembeni, mikono nyuma, hamsaidii. Mume wangu akajaribu maji kwa kiwiko. Akaulaza unga kwenye kitambaa ndani ya karai tupu la pili, akaushika kichwa. Akaangalia huku na huku. Sabuni ilikuwa kule kwenye rafu, wameiweka mbali makusudi. Akaenda. Alipofika kwenye rafu Kengele akamwambia, "Mvua hii leo, mikate itauzika kweli?" na mume wangu akageuka akaanza kueleza habari za mikate na mvua, na unga ukabaki kwenye karai peke yake. Niliona kwa macho yangu jinsi unavyofutika. Si uzembe. Ni kama mtu kazima taa.

Halafu ile saa ikalia, kuku akakanyagwa. Mume wangu akakata neno katikati. "Mtoto yuko wapi?" akajiuliza, kwa sauti kubwa. Akatazama mikono yake, mitupu. Akaruka. Aliunyanyua ule unga, akaukumbatia, akauambia sikioni, "Samahani mama. Samahani, baba yupo." Akaibusu ile soksi.

Sijui nieleze vipi. Nimeshawahi kumwonea wivu Kengele, na wifi, na Mnene aliyempa pumzi. Leo nimeuonea wivu mfuko wa unga.

Kibonge alichungulia juu ya bega langu, akamwona baba yake, akapiga kelele, "Ba! Ba!" Siri yangu ikaishia hapo. Wakageuka wote. Mimi dirishani, kofia ya koti imenishuka, mtoto anachomoza shingoni kwangu.

"Mama Kibonge!" Kengele akafungua mlango wa nyuma. "Ingia, utaugua. Amekuambia uje kuona?"

"Hajaniambia chochote."

"Chochote? Kila wiki namuuliza, mkeo anajua tunachofanya? Ananiambia anajua."

Tukamgeukia. Alikuwa bado amebeba unga, anaupigapiga mgongo.

"Uliniambia nisiseme," akasema.

"Nilisema usimwambie mpimaji!" Nikamwona Kengele kwa mara ya kwanza amekasirika, na nikampenda kidogo. Akanigeukia. "Mwisho wa msimu atakuja mtu kumpima. Huyo hapaswi kujua kama mlikuwa kundi la kutembelewa au la karatasi, asije akampendelea bila kujijua. Ndiyo maana namzoesha: hunijui, hujawahi kuniona. Yeye kaifunga midomo hadi kwa mkewe."

"Nilisahau ni nani nisiyemwambia," mume wangu akasema. "Nikaona heri nisimwambie mtu."

Nikauonyesha mfuko kwa kidole. "Na unga?"

"Kila mmoja huchagua lengo lake," akasema Kengele. "Wengine wanataka kurudi kazini. Wengine, kupanda basi peke yao. Yeye alichagua baada ya lile karai. Aachiwe mtoto."

"Kwa nini na yeye? Kwa nini si na mimi? Nyumbani tuna karai, tuna sabuni, mtoto tunaye."

Mume wangu akafikiri. Nimejifunza kumngoja.

"Nikimkosea huyu," akainua mfuko, "unamwagika, tunazoa. Wewe ukinitazama nakosea zaidi. Unanitazama kama karai."

Nimerudi nyumbani na mume wangu na mtoto na mwavuli wa Kengele, ambao ametuazima. Yeye alibaki kumwaga maji na kupanga makarai. Bado sijamsamehe. Amempa mume wangu pahali pa kukosea, na mimi sikuwa nimempa. Hilo nalo ni la kuonea wivu, labda kuliko mwavuli.

Sikusema yametosha.

Ijumaa, Aprili 17

Shali inanukia maua kwa sababu Kengele ndiye anayeufunga unga. Basi. Nimeiandika nisije nikaisahau na mimi.

Alhamisi, Aprili 23

Leo mazoezi yamekuwa nyumbani, na mwanafunzi ni mimi. Kumbe na mimi nina kosa langu: namjibia, namshikia, namtangulia. Kengele amenikalisha kwenye kiti changu chenye mto na kuniambia nisifungue mdomo mpaka saa ilie. Mume wangu amembadilisha Kibonge nepi, ameiweka nyuma mbele. Nimeuma ulimi.

"Mama Kibonge, unapumua?" akauliza Kengele.

"Napumua vizuri tu."

Akacheka. Ana pengo upande wa kushoto, sikuwahi kuliona.

Alhamisi, Aprili 30

Kengele ametuazima saa yake. Inawekwa kulia kila baada ya muda mfupi. Ikilia anauliza kwa sauti, "Mtoto yuko wapi?" hata kama amembeba. Mwanzoni inachosha. Sasa Kibonge akiisikia anainua mikono juu, kama anayesema, niko hapa.

Jumanne, Mei 5

Nimetoka hadi dukani peke yangu, nimewaacha. Nilisimama kwenye kona ya duka nisinunue kitu. Muuzaji akaniuliza, "Unamsubiri mtu?" Nikasema hapana. Nilikuwa natega sikio kwa kuku.

Jumamosi, Mei 9

Wifi amekuja na begi tupu la kubebea nguo za mtoto.

"Wifi, mtoto haendi," nimemwambia kabla hajakaa.

"Haendi? Wewe utakuwa kazini, na kaka ndiye huyu. Jana kanipigia simu kunisalimia, akakata, akapiga tena kunisalimia."

"Mara ngapi kwa siku wewe husalimiwa na kaka zako wengine?"

Akaliweka begi chini. Kisha akapunguza sauti, na hapo ndipo nilipomwonea huruma. "Nimeshanunua kitanda."

"Kilete hapa, dada. Alale hapa kwenye kitanda cha shangazi yake. Na wewe uje, ukae. Lakini haendi."

Saa ikalia jikoni. "Mtoto yuko wapi?" mume wangu akapaza sauti.

"Mimi ninaye, kaka!" wifi akajibu, akamkumbatia kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Nimemwacha amshike mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, Mei 14

Kengele amekuja mara ya mwisho. Mume wangu amenyoa. Nimetazama akinyoa na bado kitu kimenichoma, sitaki kujidanganya. Kidogo tu, kama mfupa wa samaki.

Ule unga ameuacha, na ile saa ya kuazima hakuichukua. "Hii ni yenu. Mpimaji akija Jumanne, hamnijui."

"Hatukujui kabisa," nikasema mimi. "Wewe nani?"

Akanikumbatia. Ni maua kweli. Nimemuuliza anayanunua wapi.

Jumanne, Mei 19

Mpimaji amekuja. Kijana mtanashati, miwani, viatu amevivua mlangoni. Ametuonya mapema, "Tafadhali msiniambie mlikuwa kundi gani. Nikijua, kazi yote imeharibika."

Akamsomea mume wangu maneno ya kukumbuka. Mengine ameyashika, mengine yameponyoka, na nimekaa kimya kwenye kiti changu, nimeshika mikono yangu mwenyewe. Kibonge alikuwa kwa baba yake. Mpimaji alipokuwa katikati ya swali la kutaja wanyama, saa ikalia jikoni.

Tulikuwa tumesahau kuizima. Wote wawili.

Mume wangu akasimama. "Mtoto yuko wapi?" Kibonge mkononi mwake akainua mikono juu.

Mpimaji akaacha kuandika. "Hiyo kengele ni ya nini?"

Nikamwona mume wangu akianza kujitafuta usoni. Alikuwa ameahidi, na sasa hakumbuki alimwahidi nani. Akanitazama. Zamani angenitazama ili nimjibie. Safari hii alinitazama ili tuifiche wote.

"Ni saa ya jikoni," nikasema. "Nimeweka chakula motoni."

Hapakuwa na chakula. Hata jiko halikuwa limewashwa, na mume wangu, mwokaji, anajua jiko lililowashwa linanukaje. Akainamisha kichwa kwenye nywele za mtoto. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikauma mdomo, na haikusaidia. Mpimaji akatutazama kwa zamu, akaandika kitu, akasema kwa upole, "Basi tuendelee. Ulishasema ng'ombe."

"Kuku," mume wangu akasema, na hapo nikatoka nje kabisa.

Nimecheka upenuni mpaka machozi. Ni upenu uleule. Ndani mume wangu naye alikuwa akicheka, na safari hii alikuwa akicheka na mimi.

Jumatatu, Juni 1

Mvua zimekatika. Leo nimerudi kwenye cherehani yangu.

Kola tu leo, kola za mashati ya shule, na kila mashine ya jirani ikisita nilimsikia kuku. Sikupiga simu. Bosi akaniambia, "Umesahau kazi?" Nikamwambia bado vidole vinajitafuta.

Nimerudi kwa miguu, haraka, halafu polepole kwenye kona, ili nisionekane nimekimbia.

Bomba la nje lilikuwa wazi. Mlango ulikuwa wazi. Mezani uji wa mume wangu haukuguswa, amesahau kula. Nguo amezianika zikiwa kavu. Unga, ule wa kofia ya soksi, uko kwenye kiti changu, umefungwa vizuri, kwa tahadhari. Na Kibonge alikuwa mgongoni kwa baba yake, ameoga, nywele zimechanwa upande mmoja, shati kinyume, analala kidogo na kuamka kidogo.

"Umerudi," akasema. "Mtoto amekula. Ameoga. Sabuni iko dirishani."

"Na wewe umekula?"

Akafikiri. "Kuhusu mimi hakuna aliyeniambia nikumbuke."

Nikanyoosha mikono. "Lete basi. Njoo kwa mama."

Kibonge akanitazama. Akaugeuza uso, akaulaza kwenye bega la baba yake, akashika kola yake kwa nguvu. Nilipomvuta kidogo akalia.

Nikamwonea wivu mume wangu, wivu hasa, wa kutoka tumboni. Kisha nikautoa unga kwenye kiti changu, nikakaa, nikavua viatu.